Tangi Lililonirudisha Chuoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na miaka thelathini na saba na kofia ngumu ya kazi kichwani, baba mkwe wangu mdogo alipanda kilima kuja kunizuia nisijenge, nami nilipomwona nikaingia stoo ya saruji nikajificha. Ndiyo, nilijificha. Mhandisi mzima, mwenye cheti na muhuri, nimechuchumaa nyuma ya mifuko nikingoja mzee achoke aende zake. Kama unataka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hakuchekeshi sana.

Umeniandikia kwamba umefanya kazi ya uhandisi miaka minne, na sasa moyo unakuvuta kwenye mawe: jiolojia, uchimbaji wa madini, ardhi na yaliyomo. Unasema wenzako wanakucheka, ati mtu aliyekwisha hitimu harudi kukalia dawati. Unaniuliza kama kurudi chuoni ni kurudi nyuma. Nitakujibu, lakini mimi ni mama wa Kigusii niliyekwisha zeeka, na swali la maana silijibu nikiwa nimesimama. Keti, jimiminie chai, nikusimulie nilivyorudi mimi.

Nilizaliwa Nyansiongo, kule kulikokuwa mashamba ya walowezi. Kwetu ni mahindi, ng'ombe wa maziwa na udongo mwekundu wenye kina, udongo ambao ukichimba choo unafika chini bila kukutana na jiwe la kumtupia kunguru. Baba alikuwa akisema mtu akijenga Nyansiongo nyumba ikaanguka, basi alaumu mikono yake, asilaumu ardhi. Mimi nikayabeba maneno hayo mpaka chuo kikuu nikasomea uhandisi wa ujenzi. Nilipohitimu, kata nzima haikuwa na mwanamke mwingine mwenye cheti kile. Walinichinjia ng'ombe, wakaniombea, wakanisifu, na kichwa changu kikavimba. Sitaki nikufiche hilo.

Nikaolewa upande wa pili wa nchi yetu ya Wagusii, kwenye vilima karibu na Nyamarambe, kwenye mawe ya sabuni. Unayajua hayo mawe, umeyaona madukani yamechongwa sahani na twiga. Ni jiwe laini. Unalikwaruza kwa ukucha likaacha unga. Kuna jeupe, kuna la waridi, kuna la kijivu. Watu wa kule wamelichimba tangu babu za babu zao. Shimo likiisha jiwe zuri, au kingo zake zikianza kutisha, wachimbaji hulirudishia mabaki: vipande vilivyovunjika, mawe yenye kasoro, vumbi. Juu wanatandaza udongo, wanapanda viazi vitamu au majani ya ng'ombe. Baada ya miaka michache mgeni akipita haoni shimo, anaona shamba. Ni wenyeji tu wanaojua, kwa sababu kila shimo lina jina la aliyelifungua, na majina hayo hayakuandikwa popote.

Basi kina mama wa kule wakaomba tangi la maji. Chemchemi ilikuwa bondeni, shule ilikuwa mlimani, na watoto walikuwa wanabeba maji mgongoni kama punda. Wakaniambia, "Wewe ni mke wa hapa na ni mhandisi, tujengee." Nilifurahi kweli. Nikachora tangi kubwa la mawe na saruji, nikachagua kiwanja tambarare chenye nyasi nzuri, juu kidogo ya darasa la chekechea. Maji yangeshuka yenyewe mpaka shuleni, na ya ziada yangefika sokoni.

Kazi yetu inataka upime ardhi kwanza. Nilichimba mashimo mawili ya kupimia, kina cha kiuno. Yote mawili mtaimbo ukagonga jiwe, nikasikia ule mlio, nikaandika kwenye daftari: mwamba. Shimo la tatu nilikuwa nimepanga kulichimba, lakini mvua ilikuwa inakaribia, mafundi walikuwa wamefika, nami nilikuwa nimeridhika. Haraka haraka haina baraka, mwanangu, na hii si methali ya kuandikia insha peke yake.

Mzee Ongeri alikuwa ndugu mdogo wa baba mkwe wangu. Alikuwa mchimbaji tangu utotoni, mfupi, mabega mapana, vidole vimejaa unga mweupe hata siku ya Jumapili. Aliponiona nimepiga vigingi pale, akamtuma wifi yangu Kemunto. Kemunto akaja akanong'ona: "Mzee anasema hapo ni shimo la Nyamweya. Anasema jiwe ulilogonga ni la mabaki, si la kuzaliwa hapo. Usogeze tangi juu, hatua thelathini."

Nikamjibu nini? Nikamwambia, "Mwambie hesabu zimeshapigwa." Basi. Nikaendelea na kamba yangu.

Kesho yake ndipo akaja mwenyewe. Sasa lazima ujue jambo moja kama hukulelewa kwetu. Sisi Wagusii tuna adabu tunayoiita chinsoni. Mke haingii nyumbani kwa baba mkwe, hampi mkono, hali naye meza moja, hamkodolei macho. Na ndugu za baba mkwe nao ni baba mkwe vilevile. Siku hizi vijana mmelegeza, wengine mnapiga picha mmekumbatiana na wakwe, hayo ni yenu. Sisi tuliishika. Kwa hiyo Mzee Ongeri alisimama nje ya ua wa kazi, amevua kofia, amenipa mgongo kama ilivyo adabu, tayari kusema na Kemunto ili nisikie mimi.

Naye alikuwa amekuja kwa njia sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyejua la kufanya na adabu ile. Nikajifunika leso juu ya kofia, nikainama kwa heshima tele, nikaingia stoo. Mafundi wakasifu: tazameni mke wa watu alivyofunzwa. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nakimbia maneno. Nilijua akiongea mbele ya mafundi itanibidi nijibu, na sikuwa na jibu, nilikuwa na kiburi tu. Mzee alisimama pale muda mrefu. Kisha akavaa kofia yake akashuka.

Tangi likasimama. Siku ya kulifungua tuliimba, mchungaji akaomba, kina mama wakanivisha shada. Wiki za kwanza maji yalishuka vizuri na watoto wakapumzika. Mzee Ongeri hakuja kwenye sherehe, nami moyoni nikasema, wivu wa wazee. Mungu anisamehe.

Mvua za masika zikaja. Mimi nilikuwa nimerudi kazini Kisii mjini. Ninayokueleza sasa nilielezwa na Mwalimu Nyaboke, aliyekuwa akifundisha chekechea. Mzee Ongeri alipita pale asubuhi akaona ufa kwenye nyasi, upana wa kidole, umezunguka tangi upande wa bondeni. Wachimbaji wana njia yao ya kuuliza ufa. Wanachukua udongo mbichi, wanaupaka juu ya ufa kama kiraka, wanaungoja. Kiraka kikikaa kizima, ardhi imelala. Kikipasuka, wanatoka shimoni bila kuulizana. Mzee akapaka viraka vitatu, akakaa chini akavitazama. Kabla jua halijapanda sana vyote vitatu vilikuwa vimepasuka.

Akaingia darasani akamwambia mwalimu awatoe watoto. Mwalimu Nyaboke, ambaye mpaka leo ni rafiki yangu, akasita. Akamwambia, "Mzee, tangi limejengwa na mhandisi." Jina langu, mwanangu, ndilo lililokuwa limeziba ule mlango. Mzee hakubishana. Aliwageukia wale watoto wenyewe, akatoa mfukoni kipande cha jiwe la waridi, akasema, "Nani anataka kuchonga ndege?" Wote wakasimama. Akatoka nao mstari mmoja mpaka kwenye machimbo yake upande wa pili wa kilima, na mwalimu akawafuata kwa sababu hakuwa na darasa tena. Wakakaa huko wakikwaruza mawe, mvua ikinyesha, wamejikinga chini ya mabati ya mzee.

Tangi likalala adhuhuri. Upande mmoja ulizama, ukuta ukapasuka, na maji na mawe yakapita katikati ya lile darasa.

Nilifika saa tisa. Nilikuta viti vidogo vya plastiki vimezagaa mpaka chini barabarani, vya bluu na vya manjano. Watoto walikuwa nyumbani, wazima, kila mmoja na jiwe lake mkononi. Niliwahesabu mmoja mmoja, nyumba hadi nyumba, nikiwashika vichwa. Halafu nikarudi pale penye kifusi nikakaa kwenye matope, na ndipo nikamwona Mzee Ongeri anakuja.

Nilianza kuinuka nijifunike. Akasema, "Kaa hapo hapo, mke wa mwanetu. Nitazame."

Sikuwahi kumwona uso kwa uso. Alikuwa na macho ya kahawia, na alikuwa analia.

"Chinsoni ni ya mlango na ya meza," akasema. "Si ya ardhi. Wewe uliniheshimu ukaninyima masikio. Heshima ya namna hiyo wape maiti."

Akaonyesha kifusi kwa kidole.

"Unajua kinachosimama juu. Kilicho chini hukijui, na mtu asiyejua kwamba hajui ni hatari kuliko mvua hii." Akafuta uso kwa mkono wenye unga. "Sasa inuka uende nyumbani. Utapata homa."

Hivyo ndivyo nilivyokemewa, mwanangu. Nimepokea barua za sifa nyingi maishani, na hata moja siwezi kukutajia maneno yake. Yale ya mzee nayakumbuka mpaka pumzi.

Chifu akaita baraza. Wazazi walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Mmoja akataka nishtakiwe, mwingine akataka nifukuzwe kijijini na mume wangu pamoja. Nikasimama nikasema yote: shimo la tatu nisilolichimba, ujumbe wa Kemunto, na ile stoo. Niliposema habari ya stoo, watu wakatazamana. Mume wangu alitazama miguu yake. Mzee Ongeri alipopewa nafasi akasema maneno machache tu. "Amekosa, na amesema amekosa. Mkimfukuza, kosa lake ataondoka nalo akalifanye kwingine. Mwacheni hapa alilipie kwa kujifunza." Wakaniacha, ingawa wengine hawakunisalimia kwa muda mrefu, na sikuwalaumu.

Lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijiachi. Kila nikishika kalamu kutia sahihi mchoro, hata wa kalvati dogo, niliona vile viti vya plastiki barabarani, na mkono ukakataa. Mhandisi asiyetia sahihi ni mzigo ofisini. Walianza kunipa kazi za kupanga faili. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kwenye faili. Majuto ni mjukuu, husemwa huja mwisho, na wangu alikuja akahamia kabisa.

Nikaomba likizo nikaenda machimboni kwa mzee. Utacheka tena, na hapa cheka kwa raha. Chinsoni ilikuwa imerudi mahali pake. Lile neno la kwenye kifusi lilikuwa la siku moja. Kwa hiyo mzee alikuwa shimoni, mimi ukingoni, na Kemunto katikati akipeleka maneno. "Anasema jiwe lililozaliwa hapa lina mishipa inayoelekea upande mmoja." Nami, "Muulize, na la mabaki?" "Anasema la mabaki mishipa yake inatazama kila upande, kama watu waliotupwa sokoni." Siku ya tatu Kemunto akaketi chini akasema, "Nimechoka kuwa simu yenu." Mzee akacheka, mara ya kwanza kumsikia. Toka siku hiyo yeye alisema akilitazama jiwe, nami nikajibu nikilitazama jiwe, na jiwe likawa ndilo lililokaa katikati yetu. Adabu haikuvunjika, na masomo yakaenda.

Alinifunza kugonga kwa nyundo ndogo nisikilize: jiwe lililoungana na kilima linalia kwa sauti nene, la mabaki linalia kwa ukavu. Alinifunza kunusa udongo uliowahi kuhamishwa. Alinitembeza akinitajia mashimo yote: la Nyamweya, la Bosire, la yule mjane aliyechimba mwenyewe baada ya mumewe kufa. Nikaandika yote daftarini. Yeye hakujua kusoma, lakini aliniomba nimwonyeshe jina la baba yake lilivyo kwenye karatasi, akaliwekea kidole.

Siku moja nikamuuliza kuhusu jiwe nililoliokota Birongo, jeusi, zito, lenye kumetameta. Akaligeuza, akaligonga, akaliweka chini. Akasema, "Hili silijui. Mimi najua mawe ya hapa. Nimekufikisha nilipofika. Nenda sasa kwa wanaojua mawe ya kila mahali."

Hebu fikiri, mwanangu. Mtu mwenye maarifa yale, aliyeokoa darasa zima kwa kiraka cha udongo, anasema "silijui" bila hata kukunja uso. Mimi nilikuwa na cheti ukutani na neno hilo sikuwahi kulitamka. Siku ile ile nikaamua kurudi chuo kikuu kusomea jiolojia na uchimbaji.

Usidhani nilipigiwa makofi. Mkubwa wangu kazini aliniuliza kama nina akili timamu. Ndugu za mume wakasema mwanamke wa watoto watatu anakwenda kutafuta nini kwa vijana. Mume wangu alinyamaza siku mbili, nikaogopa. Halafu akasema, "Nilikuoa ukiwa na mdomo. Tangu tangi lianguke huna mdomo. Nenda ukautafute." Mtoto wetu mdogo akaenda Nyansiongo kwa mama yangu, wale wakubwa wakabaki na baba yao, wakajifunza kupika ugali ulioungua.

Chuoni wakanikubali kuanzia mwaka wa pili, kwa sababu ya hesabu zangu za zamani. Siku ya kwanza niliingia darasani vijana wakasimama wakidhani mimi ndiye mhadhiri. Nikaketi nyuma. Mhadhiri halisi alipofika, nilikuwa nimemzidi miaka kumi. Waliniita Mathe, yaani mama kwa lugha yao ya mtaani, na mmoja akaniuliza, "Mathe, hii kitu itakuweza kweli?" Nikamwambia tutaona nani atamweza nani. Ukali wangu ulikuwa umeanza kurudi, nikashukuru.

Muhula wa kwanza ulinichapa. Walitugawia vipande vya mawe vyembamba kuliko karatasi, uvitazame kwa darubini ya maabara useme ni madini gani. Mimi niliona rangi tu. Nilifeli jaribio lile, na alama zikabandikwa mlangoni ambapo wale watoto wote walipita. Nilifunga begi nikaenda Nyansiongo, nimeamua basi, yamenishinda. Nilimkuta mama anakamua. Nikamweleza nimesimama palepale zizini. Hakugeuka. Akasema, "Ng'ombe akipiga teke ndoo maziwa yakamwagika, unamchinja?" Nikasema hapana. "Basi shika hii ndoo nyingine." Nikaishika. Tulimaliza kukamua, tukanywa chai, na kesho yake nilikuwa nimerudi chuoni.

Na chuoni kulikuwa na kijana mmoja, Otieno, mtoto wa watu wa ziwani, mpole, macho makali. Ndiye aliyekuja akaketi karibu nami maabara akaniambia, "Mathe, usitafute rangi. Zungusha hii sahani ya darubini uone mwanga unazimika wapi." Akanifunza jioni baada ya jioni, nami nikamfunza kupiga hesabu za kingo za mgodi, ukuta usimame kwa mwinamo gani usiwaangukie watu. Pale ndipo nilipofahamu kitu ambacho nataka ukisikie vizuri, kwa sababu ndicho ulichoniuliza. Uhandisi wangu haukupotea. Wenzangu wengi walijua jiwe ni nini lakini hawakujua litabeba nini. Mimi nilikuwa nimeanza na kubeba, sasa najua jiwe. Sikurudi nyuma hata hatua moja. Nilikuwa nimejenga nyumba kuanzia paa, na hatimaye nikapata kuchimba msingi.

Nilihitimu nina miaka arobaini na moja. Otieno alishika shahada yangu akapiga nayo picha kabla yangu. Nimefanya kazi migodini, nimepima vilima vingi, na mkono wangu ukarudi kutia sahihi, polepole, baada ya shimo la tatu na la nne na la tano. Lakini kazi ninayoipenda ni ya kule kwetu. Nilikaa na wazee wa machimbo mmoja mmoja, Kemunto akiwa nami, tukachora ramani ya mashimo yote ya zamani na majina yake. Shule ilijengewa darasa jingine, na tangi jipya lipo hatua thelathini juu ya lile la kwanza. Mzee alikuwa amezihesabu sawasawa.

Mzee Ongeri amefariki mwaka huu, na ndiyo sababu barua yako imenikuta nina machozi ya karibu. Kwetu mwanamume huzikwa kwenye boma lake, upande wa kulia wa nyumba yake. Wanawe walipoanza kupanga kaburi wakakumbuka kwamba upande ule wote baba yao alichimba ujanani, akafukia. Wangemlaza juu ya mabaki, ardhi ikazama masika, wakaona aibu ya kufa mtu. Wazee wakashauriana. Kisha wakamtuma mwanawe mkubwa kwangu, akanikuta jikoni na kina mama. Akasema, "Shemeji, wazee wanakuita. Uje utuonyeshe pa kumlaza."

Mke wa mwana, mwanangu, kwenye kaburi la baba mkwe, hukaa mbali, pamoja na wanawake wenzake, akilia. Haitwi mbele ya wazee. Niliita Kemunto tukatoka pamoja. Wazee wakatupisha. Nikachukua nyundo ndogo na mtaimbo, nikaanza kugonga kutoka ukutani kwenda nje, hatua moja, hatua moja. Kavu. Kavu tena. Nilikuwa nasikiliza huku natokwa na machozi, nikaogopa kilio kitanizibia masikio, nikasimama kidogo nikafuta uso. Karibu na ua wa nyuma, bado upande wa kulia, sauti ikabadilika, ikawa nene. Nikachimba kidogo, nikaona mishipa ya jiwe jeupe yote inaelekea upande mmoja. Nikawaambia wazee, "Hapa. Hapa atalala, hapatazama." Hakuna aliyeuliza mara mbili. Wajukuu wakavua mashati wakaanza kuchimba.

Nimesimama mara nyingi mbele ya watu wakubwa nikaeleza kazi yangu. Sijawahi kushukuru kuwa na elimu kama nilivyoshukuru pale.

Sasa nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi usije ukasema mama alizunguka akapotea. Kama ardhi inakuita, rudi ukasome. Umri si kitu; utatimiza arobaini hata usiporudi. Utafeli mtihani fulani, na vijana watakuona. Waache wakuone, kisha umwombe mmoja wao akufunze. Uhandisi wako usiutupe wala usiuonee haya, utauhitaji siku utakayosimama chini ya ukuta wa mgodi na watu wako ndani. Kabla hujatia sahihi, chimba shimo la ziada hata kama mvua inakuja. Na kabla ya chuo, na ukiwa chuoni, na baada ya chuo, kaa na mtu ambaye mikono yake imelijua jiwe hilo kabla hujazaliwa. Penye wazee haliharibiki neno, lakini neno linataka mtu wa kulisikia. Ukimwona anakuja, usimpe heshima ya kumkimbia. Ukikosea, sema umekosea, mbele ya watu, ukitaja hata ile stoo uliyojificha. Na neno "sijui" lizoeze ulimi wako mapema, mimi lilinichelewa.

Nenda, mwanangu, na uende salama. Nyasae, Mungu wetu, akufungulie mlango wa chuo na wa maabara. Akupe rafiki wa kukuonyesha mwanga unapozimika, na nyumba isiyochoka kukungoja. Watu watakaojenga juu ya neno lako walale wasiamshwe. Na zaidi ya yote, Nyasae akupe mzee asiyeogopa kukukemea, na siku atakapopanda kilima kuja kwako, akukute nje.